Siku 381 bila basi: Montgomery ilivyowafikisha watu kazini

Chukua mfano wa mpishi mweusi wa Montgomery, Alabama, Desemba 1955. Anaishi magharibi mwa mji. Kazi yake ni jikoni kwa familia ya Wazungu upande wa pili, na kifungua kinywa cha watu hakimsubiri. Siku zote amepanda basi kwa senti 10. Sasa amelisusia. Siku ya kwanza ametembea na wenzake kwa shangwe. Siku ya pili bado ana nguvu. Siku ya tisa miguu imevimba, mvua ya baridi inanyesha, na basi tupu linapita mbele ya mlango wake. Atafikaje kazini?

Mgomo wa mabasi wa Montgomery husimuliwa kwa kiti ambacho Rosa Parks alikataa kukiachia, na kwa sauti ya Martin Luther King. Vyote viwili vina uzito wake. Lakini anayetaka kujua mapambano yasiyo ya silaha yanaendeshwaje, aanze na swali la yule mpishi. Hasira ya weusi wa Montgomery ilitosha kwa Jumatatu moja. Siku 380 zilizobaki zilibebwa na ratiba, petroli na orodha ya madereva.

Mabasi yenyewe

Viti kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata kama basi halikuwa na Mzungu hata mmoja na weusi wamesimama wakivitazama. Nyuma walikaa weusi. Katikati palikuwa pa kubahatisha: mweusi aliketi mpaka Mzungu akose nafasi, na hapo safu nzima ya weusi iliamriwa kusimama, kwa kuwa haikuruhusiwa mweusi na Mzungu kukaa safu moja. Ndivyo ilivyokuwa jioni ya Alhamisi, 1 Desemba 1955. Mzungu mmoja alikosa kiti, weusi wanne wakaambiwa wapishe, watatu wakasimama, wa nne, Rosa Parks, akakataa. Juu ya hayo, abiria mweusi mara nyingi alilipa nauli mlango wa mbele, akateremka, akazunguka apandie mlango wa nyuma, na wako madereva walioondoa basi kabla hajafika.

Na hao ndio waliokuwa robo tatu ya abiria wote. Kampuni ya Montgomery City Lines iliishi kwa senti za watu iliowadhalilisha.

Hesabu hiyo ya robo tatu ilikuwa imeshapigwa zamani. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State, aliongoza Baraza la Kisiasa la Wanawake, chama cha wanawake weusi kilichoanzishwa mwaka 1946. Mei 1954 alimwandikia meya W. A. Gayle barua yenye adabu zote, akimkumbusha kwamba robo tatu ya abiria ni weusi na kwamba mabasi hayawezi kuendelea bila wao. Machi 1955 Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikamatwa kwa kukataa kusimama. Viongozi wakaona bado. Kwa hiyo Rosa Parks, ambaye mwenyewe alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mjini hapo, alipokamatwa, wazo lilikuwa na umri wa miezi 18. Wanaosema mgomo ulizuka wenyewe hawajaitazama barua ile.

Usiku uleule Robinson, mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili walifungua chumba cha mashine ya kudurufu chuoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: mwanamke mwingine amekamatwa, Jumatatu msipande basi. Waliuweka mara tatu kwenye karatasi moja, kisha wakazikata karatasi vipande vitatu ili zitoshe. Kulipokucha walikuwa na makumi ya maelfu ya vipeperushi vilivyofungwa mafungumafungu. Wanawake wa Baraza wakavisambaza siku ya Ijumaa mashuleni, saluni, madukani na viwandani. Siku mbili baadaye gazeti la Montgomery Advertiser likaichapa habari hiyo ukurasa wa mbele kwa kuwatahadharisha Wazungu, na hivyo likawafikia weusi wote ambao karatasi hazikuwafikia.

Kipeperushi kiliomba siku moja tu. Huo, kwa maoni yangu, ndio uamuzi wa busara kuliko yote ya juma lile. Mtu anayeogopa kufukuzwa kazi huweza kukubali siku moja. Ukimwomba mwaka atajificha. Na siku moja humpa kila mtu nafasi ya kuona jirani yake amefanya nini. Jumatatu ya 5 Desemba mabasi yalipita karibu matupu. Mkuu wa polisi, Clyde Sellers, alikuwa ametangaza kwamba magenge ya weusi yatawatisha wanaotaka kupanda, akatuma polisi wa pikipiki wayafuate mabasi. Weusi wachache waliokuwa vituoni bila habari waliona pikipiki za polisi nyuma ya basi, wakaondoka. Asubuhi hiyo Parks alitozwa faini ya dola 10 na gharama za dola 4. Mchana kikaundwa chama cha kuongoza mgomo, Montgomery Improvement Association, kwa kifupi MIA, na King, mchungaji wa miaka 26 aliyekuwa mgeni mjini, akachaguliwa rais. Jioni kanisa la Holt Street lilifurika maelfu ya watu, wengine wakisikiliza barabarani kwa vipaza sauti. Ni hapo ndipo uliposemwa mgomo usio na mwisho uliowekwa, na waliouamua ni watu waliokwisha kujiona wakiweza.

Magari 300

Juma la kwanza lilibebwa na teksi. Kampuni za teksi za weusi zilikubali kumchukua mtu kwa senti 10, nauli ileile ya basi. Ulikuwa mpango mzuri wenye tundu, na tundu lilionekana Alhamisi ya 8 Desemba, katika mazungumzo na mji, Sellers alipogusia kwamba sheria inaitaka teksi itoze si chini ya senti 45. Hakuwa na haja ya kusema zaidi.

King akampigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana. Huko, Juni 1953, weusi walisusia mabasi kwa siku chache na kubebana kwa magari ya watu binafsi. Jemison alieleza jinsi walivyopanga. Kisha katika mkutano wa kanisani wakaombwa wenye magari wajitokeze, na majina yakaandikwa: nani ana gari, saa ngapi yuko huru. Hapa palikuwa na ugumu ambao watu husahau. Gari kwa mweusi wa wakati ule lilikuwa heshima aliyoitafuta kwa jasho, na wengi wa waliobebwa walikuwa vijakazi na vibarua ambao daktari au mwalimu mweusi hakuzoea kukaa nao kiti kimoja.

Kufikia 13 Desemba mpango ulikuwa unakwenda, na ulipokomaa ulikuwa na magari yapatayo 300. Ulisimama juu ya vituo vya aina mbili, na hili ndilo la kulitazama kwa karibu. Vituo 48 vya kuondokea viliwekwa katika mitaa ya weusi, vingi kwenye makanisa, kwa sababu asubuhi watu wanatoka nyumbani. Vituo 42 vya kuchukulia vilikuwa kwa ajili ya mchana na jioni, karibu na nyumba na maduka ya Wazungu ambako watu walifanya kazi. Ramani ilichorwa kwa msaada wa wafanyakazi wa posta, ambao walijua kila kichochoro. Ugumu ulikuwa upande wa kurudi. Asubuhi umati uko pamoja na gari hujaa. Jioni kila kijakazi hutoka saa yake, nyumba yake, mtaa wake, na vituo vinatakiwa viwe mahali ambapo kundi la weusi waliosimama halitaitiwa polisi. Katikati ya mji walitumia uwanja wa kuegeshea magari uliokuwa wa mweusi. Pale msimamizi mwenye orodha aliunganisha safari: waliotoka mashariki wakateremka, wanaokwenda magharibi wakapanda gari jingine. Rosa Parks mwenyewe aliwahi kuwa miongoni mwa wasimamizi hao.

Baadaye fedha zilipoanza kuingia kutoka miji mingine na hata nje ya Marekani, MIA ilinunua magari ya aina ya steshenwagoni, zaidi ya 15, kila moja likiandikishwa kwa jina la kanisa. Watu wakayaita makanisa yanayotembea. Kuandikisha hivyo hakukuwa pambo. Gari la kanisa ni gumu zaidi kulikamata kuliko la kibarua mwenye deni.

Kosa moja lingeuua mpango siku moja: kutoza nauli. Abiria akimlipa dereva, gari linakuwa teksi isiyo na leseni. Kwa hiyo fedha zilipita njia nyingine, kapu la sadaka katika mikutano ya Jumatatu na Alhamisi iliyozunguka kanisa hadi kanisa. Georgia Gilmore, mpishi, alikusanya wanawake waliopika kuku, keki na pai na kuviuza kwa weusi na Wazungu, kisha akatua fedha mezani kwenye mkutano. Kundi lao waliliita Klabu ya Kutoka Popote, ili mwanamke aliyechangia asiweze kutajwa kwa tajiri wake, na mhazini akiulizwa fedha zimetoka wapi ajibu kweli tupu kwamba hazina pa kutoka. Mikutano hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko hata fedha. Palitangazwa kituo kilichohama, dereva aliyekamatwa, uvumi wa kukanushwa. Watu waliokaa siku tatu kila mmoja na wasiwasi wake waliimba pamoja, wakaondoka wakijua ratiba ya kesho.

Nao Wazungu? Meya aliwaomba wake wa nyumbani waache kuwaendea vijakazi wao kwa gari, kwa kuwa walikuwa wanaubeba mgomo bila kujua. Wengi hawakumsikiliza. Walihitaji nyumba ifagiliwe.

Jinsi mji ulivyojaribu kuuvunja

Mji ulipiga panapouma, kwenye usafiri. Polisi waliwasimamisha madereva na kuwaandikia faini kwa kila kisingizio: kwenda kasi, kwenda polepole, taa, breki. Robinson peke yake alipata tiketi 17 katika muda mfupi. King alikamatwa 26 Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa panaporuhusiwa 25, akawekwa ndani. Lengo lilikuwa leseni zifutwe na bima ipande. Baadhi ya madereva waliojitolea waliacha, na huo ndio wakati ambao mpango ulikaribia kupwaya.

Palikuwa pia na uongo. Jumamosi ya 21 Januari viongozi wa mji waliwaita wachungaji watatu wasiokuwa wa MIA, kisha wakalipa gazeti habari ya kuchapwa Jumapili kwamba mgomo umemalizwa kwa makubaliano. Uovu wa hila hii uko kwenye saa: Jumapili watu wako makanisani, Jumatatu asubuhi wapande basi kabla viongozi hawajapata pa kukanusha. Ilivuja kwa bahati, kwa kuwa mwandishi mmoja mweusi wa Minneapolis aliona habari hiyo kwenye waya za mashirika ya habari, akampigia King kuuliza. Usiku huohuo viongozi walizunguka vilabu vya pombe na kumbi za muziki mpaka usiku wa manane, na asubuhi wachungaji wakakanusha mimbarini. Jumatatu mabasi yalipita matupu. Mgomo ambao habari zake zinapita njia moja tu ungekufa pale.

Bima ilikatwa mara nne. Gari bila bima haliruhusiwi barabarani, na kampuni za kusini zilikuwa na majirani wa kuwaogopa. Mwishowe wakala mweusi wa Atlanta aliipata London, katika soko la bima la Lloyd's.

Februari baraza la mashtaka likawashtaki watu 89 kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara bila sababu ya haki. Walitarajiwa kukimbia. Wao walivaa nguo za Jumapili na kwenda wenyewe kituo cha polisi, wakipigwa picha na namba kifuani, huku wengine wakiuliza kwa wasiwasi kama majina yao yamo. Jela ilikuwa ndiyo silaha kuu ya kumtishia mweusi wa Alabama. Siku ile ilidondoka mikononi mwa walioishika. King, aliyehukumiwa wa kwanza, alitozwa dola 500 na gharama za dola 500, au siku 386 za kazi ngumu.

Falsafa ilikuja wakati gani

Ni kosa kudhani kwamba watu hawa walianza wakiwa wamekomaa katika falsafa ya Gandhi. Mmoja wa wa kwanza kumtaja hadharani alikuwa mkutubi Mzungu, Juliette Morgan, katika barua kwa gazeti ya 12 Desemba. King alimsoma Gandhi akiwa chuo cha uchungaji, lakini nyumbani alikuwa na silaha. Usiku wa 30 Januari bomu lilitupwa barazani kwake, mkewe Coretta na mtoto wa majuma kumi wakiwa ndani, wakapona. King alikuta mamia ya weusi nje, wengine na bunduki, wengine na chupa, meya na mkuu wa polisi wakiwa wamezungukwa. Aliwaambia waliobeba silaha warudi nazo nyumbani, na kwamba adui anapendwa, hajibiwi kwa bomu. Walikwenda. Hata hivyo siku chache baadaye yeye mwenyewe aliomba kibali cha bastola, akanyimwa.

Mwishoni mwa Februari walifika Bayard Rustin na Glenn Smiley, wanaharakati wa Kaskazini waliojifunza kwa miaka njia za Gandhi. Rustin alikuta bunduki kwenye kiti sebuleni. Hoja yake kwa King haikuwa ya usafi wa moyo tu. Kiongozi mwenye walinzi wenye silaha akishambuliwa, mmoja wao atafyatua, na siku hiyo serikali itapata vita inayoijua na inayoiweza. Bunduki ziliondolewa. King alikuwa tayari amewaonyesha watu barazani pale jambo ambalo baadaye alilipatia maneno. Naona mpangilio huo ni muhimu kwa wanaosubiri kwanza wafuasi wao waive kifalsafa: Montgomery watu walitenda, wakashambuliwa, ndipo wakaelewa kwa undani wanachofanya.

Madai nayo yalikua. Mwanzo MIA iliomba mambo matatu: madereva wawe na adabu, anayetangulia kukaa akae, weusi wakijaza kutoka nyuma na Wazungu kutoka mbele, na madereva weusi katika njia za weusi. Utengano haukuombwa uishe. Mpango huohuo wa viti ulikuwa ukitumika Mobile, Alabama, na kampuni mama ileile. Mji ungekubali, mgomo ungekwisha kabla ya Krismasi na ubaguzi ungebaki. Ulikataa, bomu likatupwa kwa King, na 1 Februari wakili Fred Gray akafungua kesi ya shirikisho dhidi ya utengano wenyewe. Walioidai haki ni wanawake: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule Claudette Colvin aliyeambiwa bado.

Kurudi ndani ya basi

Mahakama ya shirikisho iliwapa ushindi 5 Juni 1956, majaji wawili kwa mmoja. Mji ukakata rufaa. Tarehe 13 Novemba King alikuwa mahakamani Montgomery, mji ukiomba zuio dhidi ya magari kwa kuwa ni biashara isiyo na kibali, na ilionekana wazi litatolewa. Katikati ya shauri akapewa karatasi: Mahakama ya Juu ya Marekani imekubaliana na hukumu. Zuio lilitolewa siku hiyohiyo. Amri rasmi ya Washington haikufika mpaka 20 Desemba. Kwa zaidi ya mwezi basi lilikuwa bado la kibaguzi na magari yamepigwa marufuku, na watu wakatembea tena, au majirani wakabebana kimyakimya.

Muda huo haukupotea. Mbele ya madhabahu walipanga viti safu mbili kama ndani ya basi. Mmoja akawa dereva, wengine wakawa Wazungu, wapole na wakali, na wengine weusi waliorudi. Aliyeigiza Mzungu alitukana, akasukuma. Aliyeigiza mweusi mara nyingine alisahau na kujibu, au alijikunyata mno kama zamani. Wakasimamisha, mkutano ukajadili, wakarudia. Kisha ikatolewa karatasi ya maelekezo: ukikaa karibu na mtu omba radhi kwa adabu, usijisifu ushindi, usikae makusudi karibu na Mzungu kama kuna kiti kingine, ukitukanwa usitukane, ukipigwa usirudishe, na anayehisi hawezi hayo atembee wiki moja au mbili zaidi. Wazungu hawakuandaliwa na mtu yeyote. Viongozi wao waliombwa wafanye hivyo, hawakufanya.

Asubuhi ya 21 Desemba King, viongozi wenzake Ralph Abernathy na E. D. Nixon, pamoja na Smiley walipanda basi la kwanza. Wiki moja baadaye mabasi yalianza kupigwa risasi, na mwanamke mjamzito, Rosa Jordan, akajeruhiwa miguu yote miwili. Safari za jioni zikasitishwa. Tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa. Hakuna weusi waliolipiza.

Mpango wa MIA ulikuwa umehesabu petroli, matairi, bima, faini na mawakili. Haukuwahi kupata jibu la kutosha kwa mishahara ya waliofukuzwa. Georgia Gilmore alipoteza kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani; yeye alianza kuuza chakula nyumbani na akasimama. Rosa Parks aliachishwa kazi ya ushonaji dukani Januari 1956, mumewe akaacha kazi ya kinyozi, na mji mzima haukuwa na anayethubutu kuwaajiri. Agosti 1957, miezi minane baada ya mabasi kufunguliwa, walifunga mizigo wakahamia Detroit.